Mti wa Bunduki ya Kale na Namna ya Kuuponya

Bunduki ya kale ikitolewa mahali ilipokuwa imefichwa au kusahauliwa, watu hutazama chuma kwanza. Huuliza kama mtutu umeliwa na kutu, kama komeo lafunguka, kama kifyatulio chakubali kuvutwa. Mti hauulizwi habari. Ukitazamwa huonekana mweusi na mchafu, una mikwaruzo na mahali palipobonyea na herufi zisizosomeka vema, na mwenye kuushika hutamani kuukwangua mara moja mpaka ung'ae kama kiti kipya cha dukani. Hapo ndipo hasara kubwa hufanyika. Kutu huila bunduki kwa miaka mingi, lakini msasa katika mkono wa mtu mwenye haraka huila kwa mchana mmoja.

Jambo hili lawahusu watu wa Migori na Homa Bay kuliko wengi wadhanivyo. Kaunti hizi mbili, zilizoanza kazi mwaka 2013, zamani zilikuwa sehemu ya wilaya moja iliyoitwa South Kavirondo, na baadaye South Nyanza, ambayo kwa upande wa kusini ilipakana na nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwezi Agosti 1914, mpaka huo ukawa mpaka wa vita. Mwezi uliofuata jeshi la Wajerumani liliuvuka. Bandari ndogo ya Karungu ikaingia mikononi mwao kwa siku chache, na kikosi chao kikapanda mpaka Kisii na kulishika boma. Askari wa King's African Rifles waliletwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu Bay, wakashuka hapo, wakapanda milima kwa miguu. Tarehe 12 Septemba 1914 walipigana na Wajerumani karibu na Kisii. Kapteni Thorne, aliyekuwa mkuu wa askari hao, aliuawa, na wengi wa pande zote mbili wakaanguka. Lakini mwisho wake Wajerumani waliliacha boma na kurudi mpakani.

Karungu leo iko Migori, na Kendu Bay iko Homa Bay. Kwa hiyo katika njia zile ambazo sasa zapitwa na matatu na pikipiki zilipita bunduki za namna mbili, kila moja begani mwa Mwafrika aliyeagizwa kumpiga Mwafrika mwenzake kwa ugomvi uliozaliwa Ulaya. Mwenye kutaka kuponya bunduki ya siku zile yampasa ajue kwanza ni ipi iliyo mbele yake, maana mti wa moja haukuundwa kama mti wa nyingine.

BUNDUKI MBILI, MITI MIWILI

Askari wengi wa Kiafrika wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, kwa kuwa zile mpya za mwaka 1898 hazikuwatosha wote. Hii ya 1871 ni bunduki nzito yenye mtutu wa milimita 11, inayotiwa risasi moja moja, nayo hutumia baruti nyeusi. Ubaya wa baruti nyeusi ni moshi wake. Kila askari alipopiga, wingu jeupe lilipanda juu ya kichwa chake na kumwonyesha adui mahali alipolala. Askari wa upande wa Waingereza walichukua bunduki ya .303, ambayo baruti yake haitoi moshi wa namna ile.

Bunduki ya .303 iliyokuja kujulikana kuliko zote ni Lee-Enfield fupi, alama ya tatu, iliyoingia jeshini mwaka 1907. Urefu wake ni sentimita 113 hivi, uzito wake karibu kilo 4, na kisanduku chake hubeba risasi 10. Mwaka 1916, viwanda vilipozidiwa na kazi, baadhi ya vipande vyake viliondolewa ili itengenezwe upesi. Ndiyo sababu bunduki mbili zinazofanana sana zaweza kuwa na tofauti ndogo ndogo ambazo fundi asiyejua hudhani ni upungufu, akaanza kutafuta kipande ambacho hakikuwako tangu mwanzo.

Mauser ina mti mmoja tu, tangu bamba la begani mpaka karibu na mdomo wa mtutu. Mti huo ukivunjika shingoni, yaani pale mkono ushikapo, bunduki nzima imepoteza mti wake. Lee-Enfield haikuundwa hivyo. Kitako chake ni kipande peke yake, kinachoingia katika tundu la chuma na kukazwa kwa skrubu ndefu ipitayo ndani yake. Mbele kuna ubao mwingine ubebao mtutu, na juu ya mtutu kuna vifuniko vya mti vya kumlinda askari asiungue mkono bunduki ikipata moto. Kitako kikivunjika hutolewa na kuwekwa kingine. Zaidi ya hayo, vitako vilitengenezwa kwa urefu mbalimbali, vifupi na virefu, ili mtu mfupi asipewe bunduki ya mtu mrefu. Herufi ndogo iliyopigwa juu ya kitako huonyesha urefu wake. Ni jambo dogo, lakini huonyesha kwamba waliounda chombo hiki walimfikiri mwenye kukibeba.

Mti wenyewe kwa kawaida ni mjozi, yaani mti uzaao jozi, ambao si mzito mno, haupasuki kwa urahisi, wala haukunjiki sana kwa unyevu. Viwanda vya nchi nyingine vilitumia miti ya kwao: kile cha Lithgow, Australia, kilitumia miti ya huko, na katika vita vya pili, mjozi ulipokuwa haba, Lee-Enfield ya namba 4 ilivikwa pia miti mingine ya Ulaya na Amerika iliyo myeupe zaidi. Kiwanda cha Ishapore, India, kilikuwa na desturi ya kupitisha skrubu moja toka ubavu mmoja wa ubao wa mbele hata wa pili, ili mti usipasuke. Wako watu waliokuta skrubu hiyo wakaing'oa, wakidhani ni kiraka cha fundi wa kijijini. Wamekosea sana.

KABLA YA BISIBISI

Kabla ya kusema habari za mafuta na matambara, lazima isemwe habari ya sheria, kwa maana mtu aweza kuwa fundi hodari na akalala mahabusu. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki bila cheti. Haiulizi kama bunduki ni mpya au kuukuu. Mtu wa Rongo au wa Mbita akibomoa nyumba ya marehemu babu yake na kukuta bunduki katika mapaa, asiipeleke kwa seremala, wala asiitie mafuta, wala asijaribu kuona kama yafanya kazi. Aiache palepale, asiruhusu watoto wakaribie, kisha aende kwa chifu au kituo cha polisi akaeleze. Nayo kazi ya kutengeneza silaha si ya kila mwenye jiliwa na tupa. Ni ya wale walioandikishwa kisheria. Seremala aliyeletewa kitako peke yake na mtu asiyemjua vema, hana budi kuuliza bunduki yenyewe iko wapi, na ni ya nani.

Hakuna wa kulalamika juu ya ukali huo. Mwezi Novemba 2016 silaha haramu zaidi ya 5,000 zilichomwa hadharani huko Ngong, na watu wa nchi iliyosumbuliwa na wezi wa mifugo na majambazi hawakosi kufurahi wakiona moto wa namna hiyo. Lakini yafaa mwenye kuisalimisha bunduki ya kale aseme kila anachokijua juu yake: ilikuwa ya nani, ilifikaje nyumbani, nani aliyeibeba na vita gani. Maneno hayo yakiandikwa, wakubwa waweza kuwauliza watu wa Makumbusho ya Taifa kabla chuma hakijaingia motoni. Yasipoandikwa, bunduki ya mwaka 1914 na ile ya mnyang'anyi wa juzi huwa kitu kimoja mbele ya moto.

KAZI YENYEWE

Basi tuseme bunduki ina cheti chake, au ni mali ya makumbusho, na fundi aliyeruhusiwa amekwisha kuhakikisha kwamba haina risasi ndani. Jambo la kwanza ni kuifungua kwa utaratibu, na hapa Lee-Enfield fupi ina mtego ambao umeharibu mbao nyingi. Ile skrubu ndefu ya ndani ya kitako ina ncha ya pembe nne, nayo ncha hiyo huingia katika kibati kilichomo nyuma ya ubao wa mbele, ili isilegee yenyewe. Mtu asiyejua huanza na kitako, kwa kuwa ndicho kilicho wazi. Huingiza bisibisi ndefu, huzungusha kwa nguvu, na ile ncha ikizunguka huupasua ubao wa mbele toka ndani. Sauti ya mpasuko husikika, na hakuna wa kuirudisha nyuma. Utaratibu wa haki ni kuondoa chuma cha mdomoni na mikanda, kuutoa ubao wa mbele polepole kwa kuushusha sawasawa, na ndipo kitako kiguswe.

Ubao wa mbele ukiisha kutoka, fundi hutazama mahali pawili vidogo nyuma yake, vilivyo kama mabega. Mabega hayo ndiyo yapokeayo teke la bunduki kila inapopigwa. Mafuta ya chuma yakiyaingia miaka mingi, mti wake hulainika kama mkate uliolowa, kisha hupasuka. Bunduki yaweza kuonekana nzuri kwa nje, kumbe mabega yamekwisha. Dawa yake ni kukata sehemu iliyooza na kuingiza vipande vipya vya mti mgumu, vilivyokaa sawasawa bila pengo, na nyuzi za mti zielekee kama zilivyoelekea za kwanza. Kazi hii yataka patasi kali na saburi. Kipande kikikaa chepechepe, risasi ya kwanza hukitupa nje.

Vipande vya kiraka vyafaa vitoke katika kitako cha mjozi kilichovunjika cha bunduki nyingine. Mvule, ober na siala husifiwa kwa haki na wajengao mitumbwi na nyumba kando ya ziwa, lakini nyuzi na rangi zake ni nyingine, na kiraka chake huonekana toka mbali kama kiraka cheupe juu ya koti jeusi.

Kisha huja kusafisha. Uchafu wa juu hutolewa kwa tambara lililotiwa tapentaini au spiriti kidogo, likisuguliwa kwa upole kufuata nyuzi za mti. Mahali palipojaa mafuta meusi ya mashine hupakwa unga wa chaki uliovurugwa kwa spiriti. Unga ukikauka huyavuta mafuta nje, hupanguswa, hupakwa tena, hata mara nne au tano. Si kazi ya siku moja. Watu wapendao njia za mkato hutumbukiza mti mzima katika maji ya magadi makali ya kuondolea rangi. Ni kweli mti hutoka safi, lakini hutoka pia umeinua nywele, umepoteza mafuta yake yote, na mara nyingine umebadili rangi kabisa. Wengine huuanika juani. Jua la Homa Bay saa saba mchana si dawa ya mti wa miaka mia moja. Likiukausha upande mmoja kuliko wa pili huupinda au huupasua.

Mahali palipobonyea paweza kuinuliwa bila kukwanguliwa hata kidogo. Tambara jembamba lililoloweshwa maji huwekwa juu ya bonyeo, na pasi ya moto huwekwa juu yake kwa kitambo kifupi. Mvuke huingia katika nyuzi zilizosongwa, nazo huvimba na kurudi mahali pake. Hurudiwa mara kadhaa. Dawa hii hufaa tu kama nyuzi zimesongwa. Zikiwa zimekatwa na kisu au jiwe kali hazitarudi, na yafaa ziachwe. Wala pasi isikaribie mahali penye muhuri au herufi, kwa sababu mvuke hauchagui: utainua na herufi zilizobonyezwa kwa makusudi kiwandani.

Msasa ndio hauna budi kusemwa kwa ukali. Neno lenyewe ni la mti, ambao majani yake makavu yenye kukwaruza yalitumiwa na maseremala kulainisha mbao kabla ya karatasi ya dukani kufika. Kwa meza mpya ni kitu chema. Kwa mti wa bunduki ya kale ni adui, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kipimo: kiwandani mti uliachwa juu kidogo kuliko chuma kinachokutana nao, na ukisuguliwa mpaka ulingane nacho au ushuke chini yake, bunduki huonekana kama mtu aliyevaa koti la mdogo wake, na hakuna fundi awezaye kuongeza mti uliokwisha kuwa vumbi. Ya pili ni habari zilizoandikwa juu ya mti huo.

ALAMA ZISIFUTWE

Ubavuni mwa kitako cha Lee-Enfield nyingi za awali kuna duara dogo la shaba ya manjano. Juu yake ziliandikwa herufi za kikosi na namba ya bunduki katika kikosi hicho. Katika zile zilizorahisishwa tangu mwaka 1916 duara hilo liliachwa. Juu ya mti wenyewe hupatikana mihuri ya wakaguzi wa kiwanda, alama za matengenezo yaliyofanywa baadaye, na mara nyingine namba ile ile iliyopigwa juu ya chuma. Kwa alama hizo mtu ajuaye aweza kusema bunduki ilitoka kiwanda gani, ilitengenezwa upya wapi, na kama mti na chuma vimekuwa pamoja tangu mwanzo au vimekutanishwa. Na kuna alama za namna nyingine ambazo hazikuandikwa na wakaguzi. Mti ulioliwa kidogo upande mmoja mahali mkanda ulipougusa. Shingo iliyokuwa nyeusi na laini kwa jasho la mkono. Chale chache zilizokatwa kwa kisu na mtu ambaye jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Maelfu ya watu wa South Kavirondo waliokwenda katika vita hivyo, hasa wapagazi wa kile kikosi kilichoitwa Kariakor, hawakuacha barua wala picha. Katika Nairobi sanamu zao zilisimamishwa mwaka 1928, askari na mpagazi pamoja, na katika Dar es Salaam askari wa shaba amesimama tangu mwaka 1927 ameelekeza bunduki yake. Bunduki za sanamu hizo hazihitaji mafuta wala haziliwi na mchwa, lakini hazina jasho la mtu. Kitako cha mti kilicho kweupe na kung'aa kwa vanishi mpya nacho hakina. Mwenye kukisugua amelifuta jina la pekee ambalo askari yule aliweza kuliandika.

Mafundi wa mambo ya kale wana kanuni yao, na mfano wake mzuri haupo mbali. Katika Migori kuko Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila udongo wala saruji, ambayo huhesabiwa kuwa ya karne ya 16, na ambayo mwaka 2018 yaliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Kuta hizo, ambazo mahali pengi hupita kimo cha mtu, zilikuwa zimeanza kubomoka kwa miti na wanyama na watu, hata mwaka 2000 zikatajwa na World Monuments Fund kati ya mahali palipo hatarini. Zilipotengenezwa, jiwe lililoanguka lilirudishwa ukutani kwa ufundi ule ule wa kale, bila saruji. Saruji ingekuwa rahisi zaidi na ukuta ungekuwa mnyofu zaidi, lakini usingekuwa tena Thimlich. Vanishi juu ya kitako cha mjozi ni saruji ya namna hiyo.

MAFUTA YA KITANI

Kitu kilichopakwa mti wa bunduki za jeshi la Uingereza hakikuwa vanishi bali mafuta ya kitani, yale yanayokamuliwa katika mbegu. Vanishi hukaa juu ya mti kama ngozi, na ikipasuka maji huingia chini yake na kukaa. Mafuta ya kitani huingia ndani, yakakauka humo polepole kwa kukutana na hewa, na yakichakaa huongezwa bila kukwangua ya kwanza. Yaliyo mabichi hukauka kwa siku nyingi; yaliyotiwa dawa ya kukausha, ambayo dukani huitwa yaliyochemshwa, hukauka upesi zaidi. Yote mawili hufaa, lakini yapakwe kidogo kidogo. Matone machache hutiwa katika kiganja na kusuguliwa mpaka mti uanze kupata joto, yanayobaki juu hupanguswa yote, kisha mti huachwa penye hewa na kivuli mpaka siku ya pili. Mwenye kumimina mengi ili amalize mapema hupata mti unaonata, wenye kushika vumbi lote la barabara ya Rodi Kopany. Mafundi wana hesabu yao ya zamani: kila siku kwa juma moja, kila juma kwa mwezi mmoja, kila mwezi kwa mwaka mmoja, kisha mara moja kila mwaka.

Kuna hatari moja katika mafuta haya ambayo watu wengi hawaijui, nayo yaweza kuiteketeza nyumba. Mafuta ya kitani yanapokauka hutoa joto. Juu ya mti joto hilo ni dogo na hupotea, lakini matambara yaliyolowa mafuta yakikunjwa na kutupwa pembeni katika lundo, joto hukusanyika ndani yake mpaka yawake moto yenyewe, bila kibiriti wala cheche. Karakana zimeungua usiku kwa sababu hiyo, mwenyewe amelala. Kila tambara litandazwe nje peke yake mpaka likauke na kuwa gumu, au litumbukizwe katika debe la maji lenye kifuniko cha bati.

Askari wa zamani wa KAR hawakuhitaji kufundishwa kutunza mti. Nyuma ya kitako cha Lee-Enfield fupi, katika bamba la begani, kuna kifuniko kidogo kifunguliwacho kwa ukucha, na ndani yake ni tundu la chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia mtutu yenye uzito wa shaba ya manjano. Hivyo bunduki ilibeba tumboni mwake dawa ya chuma chake, ingawa mafuta hayo ya chuma si ya kupaka mti. Katika vita vya pili vya dunia utunzaji huo ulipata mtihani mkubwa. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake walikuwamo vijana wengi wa Nyanza, ilipita katika bonde la Kabaw huko Burma wakati wa masika, katika matope na mvua isiyokoma. Mti uliokosa mafuta ulivimba. Na ubao wa mbele ukivimba huusukuma mtutu, na risasi haiendi tena mahali jicho lilipoitaka. Kwa hiyo kupaka mti mafuta halikuwa pambo la gwaride. Katika msitu ule lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Mvua za kando ya ziwa si za Burma, lakini zatosha. Bunduki iliyoponywa ikikaa Kendu Bay au Muhuru hupata unyevu karibu mwaka mzima, na mchwa na wadudu wanaobungua mti wapo siku zote. Isifungiwe ndani ya mfuko wa ngozi wala wa nailoni, kwa kuwa mifuko hiyo hushika unyevu na kuuweka juu ya chuma. Kabati lake, lile la chuma linalofungwa kwa kufuli kama sheria itakavyo, lisiegemee ukuta wa nje wala lisikae juu ya sakafu yenye majimaji, na vumbi jembamba kama unga likionekana chini ya kitako, ni dalili kwamba kuna mdudu ndani anakula. Baada ya masika, yaani mwezi Juni hivi, skrubu zikaguliwe, kwa maana mti uliovimba kisha ukanywea huziacha zimelegea. Na chuma kikiisha kupakwa mafuta, bunduki isimamishwe mdomo chini kwa siku moja, juu ya tambara kavu, ili mafuta yanayozidi yatiririke nje kupitia mtutu, badala ya kushuka nyuma na kuingia tena katika yale mabega mawili ya mti.